Kutoka Mambo hadi Joomla: Neno la Kiswahili, Jina la Programu na Mipaka ya Alama ya Biashara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tofauti iliyopo baina ya neno na jina pale ambapo jina hilo limekwisha kuwa mali kisheria. Mfano unaotumika ni mgogoro uliozuka mwaka 2005 baina ya kampuni ya Miro ya Melbourne, nchini Australia, na kundi la watunzi wa kujitolea wa programu ya kuendeshea tovuti iliyoitwa Mambo. Mgogoro huo uliishia kwa watunzi kuondoka, kuchukua nakala ya kazi yao na kuipa jina jipya la Joomla. Jina hilo si jingine ila neno la Kiswahili jumla, lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza.

Kwa mwanasheria, kisa hiki ni mfano mmoja tu miongoni mwa mingi ya migogoro ya alama za biashara. Kwa mwanaisimu kina uzito wa namna nyingine. Jina lililoachwa, Mambo, na jina lililochukuliwa mahali pake, Joomla, yote mawili ni maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi huko Manyamanyama, katika mji wa Bunda mkoani Mara, huyatumia kila siku bila kumwomba mtu ruhusa. Swali linalojitokeza ni hili: ni kwa njia gani neno la watu wote hugeuka kuwa jina la wachache, na ni kitu gani katika lugha yenyewe kinachoonyesha kwamba mpaka umevukwa? Hoja inayotolewa hapa ni kwamba sheria huusoma mpaka huo kwa vigezo vitatu, yaani sauti, sura ya maandishi na maana. Kiswahili kina kigezo cha nne, upatanisho wa kisarufi, ambacho katika baadhi ya maneno ni wazi kuliko hivyo vitatu na katika mengine hakisaidii kitu.

2.0 Programu huria na jina lisilo huria

Kabla ya kuingia katika mgogoro wenyewe, yafaa kueleza jambo ambalo huwatatiza wengi. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake umetolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Leseni mashuhuri kuliko zote za aina hiyo ni leseni ya GPL, ambayo toleo lake la pili lilitolewa mwaka 1991. Leseni hiyo husimama juu ya hakimiliki. Mwenye hakimiliki hatupi haki yake, bali huitumia kuwapa wengine uhuru kwa masharti.

Hakimiliki, hata hivyo, hulinda matini, wala hailindi jina. Jina hulindwa na tawi jingine la sheria, yaani sheria ya alama za biashara, ambayo shabaha yake ya asili ni kumwezesha mnunuzi kujua bidhaa imetoka kwa nani. Kwa hiyo inawezekana kabisa matini yote ya programu yakawa huru na jina lake likabaki chini ya mtu mmoja. Leseni ya Apache, toleo la mwaka 2004, inasema waziwazi kwamba haimpi mtumiaji ruhusa ya kutumia alama za biashara za mtoaji. Toleo la tatu la GPL, la mwaka 2007, linamruhusu mtoaji kuongeza sharti la namna hiyo. Toleo la pili halikusema lolote kuhusu alama, na ukimya huo haukuwa sawa na ruhusa.

Mifano ya matokeo yake ni mingi. Mwaka 1994 mtu mmoja huko Marekani, asiyekuwa na uhusiano na waundaji wa Linux, aliomba kusajiliwa jina hilo kama alama yake, akapewa mwaka uliofuata. Ilibidi pafunguliwe shauri, likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1997 na alama ikakabidhiwa kwa Linus Torvalds. Programu ya kusomea tovuti ya Mozilla ilianza kwa jina la Phoenix mwaka 2002, ikabadilishwa kuwa Firebird mwaka 2003 kwa sababu jina la kwanza liligongana na la kampuni nyingine. Mwaka 2004 ikawa Firefox, baada ya wajitoleaji wa hifadhidata iliyokwisha kuitwa Firebird kulalamika. Katika tukio hili la mwisho walalamikaji hawakuwa kampuni kubwa. Walikuwa wajitoleaji waliohofia kwamba jina lao lingemezwa na jirani mwenye sauti kubwa zaidi. Mwaka 2006 Mozilla nayo ikawabana wajitoleaji wa Debian: ama waitumie programu ya Firefox bila mabadiliko wasiyoidhinishiwa, ama waiache alama. Wao wakaiita Iceweasel, na hali hiyo ikaendelea hadi mwaka 2016. Programu ilikuwa ileile, ila mtumiaji wa Debian aliyetafuta Firefox hakuiona kwa jina hilo.

3.0 Mgogoro wa Mambo

Kampuni ya Miro ilianza kutunga programu yake mwaka 2000, na mwaka 2001 ikaitoa chini ya leseni ya GPL. Tangu hapo kazi kubwa ya kuiendeleza ilifanywa na wajitoleaji kutoka nchi mbalimbali, waliowasiliana kwa intaneti na ambao wengi wao hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Jina la Mambo lilibaki mikononi mwa kampuni. Kwa muda wa miaka kadhaa utengano huo haukuleta shida, kwa kuwa pande zote mbili zilinufaika.

Mwaka 2005 kampuni iliunda asasi iliyoitwa Mambo Foundation ili isimamie mradi. Watunzi wakuu waliona kwamba asasi hiyo iliundwa bila wao kushirikishwa ipasavyo, na kwamba muundo wake ulikwenda kinyume na misingi ya programu huria. Tarehe 17 Agosti 2005 walijiondoa wote kwa pamoja na kutoa barua ya wazi kwa jumuiya ya watumiaji. Walifungua tovuti yao wenyewe, na katika muda wa siku moja watu wapatao 1,000 walikuwa wamejiunga nayo. Kituo cha sheria cha Software Freedom Law Center kiliwapa ushauri.

Ugumu wao ulikuwa mmoja. Msimbo waliweza kuondoka nao, kwa sababu GPL iliwaruhusu. Jina hawakuweza. Kiutendaji, walikuwa na programu kamili iliyokuwa tayari inatumika duniani kote, lakini hawakuwa na neno la kuitajia. Mwanaisimu atakumbuka hapa mafundisho ya Ferdinand de Saussure kwamba ishara ya lugha ina pande mbili, kiashiria na kiashiriwa, na kwamba pande hizo hazitengani, kama zisivyotengana pande mbili za karatasi. Sheria ilikuwa imefanya lile ambalo nadharia ililiona haliwezekani: ilikuwa imempa mmoja kiashiria na mwingine kiashiriwa.

Jumuiya iliombwa kupendekeza majina. Kundi la watunzi wakuu lilijiwekea haki ya uamuzi wa mwisho, na mwishowe lilichagua jina ambalo halikuwa miongoni mwa yaliyopendekezwa. Tarehe 1 Septemba 2005 jina la Joomla lilitangazwa, na katikati ya mwezi huo toleo la kwanza likatolewa. Kwa sehemu kubwa toleo hilo lilikuwa Mambo ya mwisho iliyosafishwa makosa na kuvishwa jina jipya. Alama yenyewe ilikabidhiwa kwa Open Source Matters, asasi isiyo ya faida iliyosajiliwa New York, ili isiwe tena chini ya kampuni ya biashara.

Yaliyofuata yanajulikana. Joomla ilikua, na Mambo ikadhoofika. Mwaka 2008 sehemu ya watunzi waliobaki nayo pia walijitenga, na tangu hapo programu hiyo imekufa. Kampuni ilishinda jina, na jina likabaki bila kitu cha kutaja. Matokeo hayo si ya lazima, kwani upo uwezekano mkubwa wa watumiaji kufuata jina walilolizoea na kuwaacha watunzi. Hapa walifuata watunzi, pengine kwa kuwa wengi wa watumiaji wenyewe walikuwa wajuzi waliowafahamu watunzi hao kwa majina.

4.0 Jumla: maana na tahajia

Waliolichagua jina la Joomla walieleza kwamba linatokana na neno la Kiswahili jumla, lenye maana ya wote pamoja au kitu kwa ukamilifu wake. Maelezo hayo ni sahihi kwa kiasi, na sehemu isiyo sahihi inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Neno jumla limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye konsonanti j-m-l. Katika Kiarabu lina maana ya ujumla wa kitu na pia, kwa wanasarufi, sentensi. Kiswahili kiliipokea maana ya kwanza na kuipeleka pande mbili. Upande mmoja ni wa hesabu: jumla ya fedha, kujumlisha, alama ya kujumlisha. Upande wa pili ni wa biashara: bei ya jumla, duka la jumla, kinyume chake rejareja. Maana ya ukamilifu ipo katika vielezi kama kwa jumla na kwa ujumla. Lakini maana ya watu kuwa pamoja, ambayo ndiyo iliyowavutia watunzi, katika Kiswahili hubebwa na jamaa ya maneno mengine: jamii, jamaa, jumuiya, jumuika, mjumuiko. Hayo yametoka katika mzizi tofauti wa Kiarabu, wenye konsonanti j na m na kisha ayn, sauti ambayo Kiswahili hakikuihifadhi. Kwa kuwa ayn imedondoka, mizizi hii miwili inakaribiana sana katika sikio la mzungumzaji wa leo, na ni rahisi kuichanganya.

Kwa hiyo mkazi wa Manyamanyama mwenye genge anapotajiwa jumla, linalomjia kwanza ni duka la mjini Bunda anakonunua sukari na sabuni kwa mafungu ili akauze kwa vipimo vidogo. Hilo si kosa la watunzi. Jina halidaiwi kamusi. John Stuart Mill alisema tangu mwaka 1843 kwamba jina la pekee hutaja bila kueleza, na jina la programu halilazimiki kuwa na maana zaidi ya jina la mtu. Sheria ya alama nayo hupendelea hivyo: kadiri neno linavyokuwa mbali na bidhaa linayoitaja, ndivyo alama inavyokuwa na nguvu.

Tahajia ina mambo yake. Herufi oo katika Kiingereza huwakilisha mara nyingi sauti ya u, na kwa msomaji wa Kiingereza Joomla hutoa matamshi yanayokaribia jumla. Kwa msomaji wa Kiswahili sanifu, ambacho tahajia yake ilisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, herufi hizo hufanya kazi nyingine. Aliyezoea choo, koo na njoo atalisoma jina hilo kwa o ndefu. Matokeo yake ni kinyume cha kawaida: neno lililoandikwa upya ili wageni walitamke kama wenyeji, wenyeji wakifuata kanuni zao watalitamka kama wageni. Hapo haijatajwa bado alama ya mshangao, ambayo ni sehemu rasmi ya jina na ambayo kanuni za uakifishaji wa Kiswahili hazina nafasi yake katikati ya sentensi.

Hata hivyo, tofauti hiyo ndogo ya maandishi ina kazi. Inaliacha neno jumla mahali lilipokuwa. Kuna visa vingine ambavyo havikwenda hivyo. Kampuni ya Disney iliomba nchini Marekani mwaka 1994 kusajiliwa maneno Hakuna Matata kwa ajili ya mavazi, ikapata usajili mwaka 2003, bila kubadili hata herufi moja. Mwishoni mwa mwaka 2018 malalamiko ya umma yalikusanya saini zaidi ya 100,000. Huko Uingereza lilipelekwa ombi la kusajili neno kikoy kwa ajili ya nguo. Badiliko la i kuwa y halikuwaridhisha watetezi wa watengenezaji wa Kenya. Neno hilo, kwa tahajia yoyote, lilikuwa jina la bidhaa yenyewe, na kulisajili kungekuwa sawa na kusajili neno shati kwa ajili ya mashati. Ombi liliachwa baada ya kupingwa. Tofauti baina ya kikoy na Joomla, basi, haipo katika tahajia peke yake. Ipo katika umbali baina ya neno na kitu kinachotajwa.

5.0 Ushahidi wa upatanisho

Katika Kiingereza, jina la programu hutambulishwa kwa herufi kubwa na kwa kukosa kibainishi. Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo, na herufi kubwa haisikiki. Kina, hata hivyo, ngeli.

Neno mambo ni wingi wa jambo, na linapotumika kama nomino ya kawaida hutawala upatanisho wa ya-: mambo yameharibika, mambo yale yalianza zamani. Linapokuwa jina la programu, upatanisho huo huachwa mara moja. Msemaji atasema Mambo imeharibika, Mambo ilianza mwaka 2001. Anachofanya ni kulipatanisha jina na nomino iliyofichika, programu, ya ngeli ya I-ZI. Hakuna aliyefundishwa kanuni hii, na hakuna mzungumzaji mzawa anayeikosea. Sentensi mambo yamekufa na sentensi Mambo imekufa haziwezi kuchanganywa, hata zikitamkwa gizani.

Jambo hili linaonekana pia katika kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioihusisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya chuo hicho, ulitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu huria za ofisini kwa jina la Jambo OpenOffice. (Programu hiyo ya asili yenyewe ililazimika kuitwa rasmi OpenOffice.org, kwa kuwa jina bila kiambishi hicho lilikuwa na wenyewe mahali pengine.) Kwa muda, basi, dunia ya programu huria ilikuwa na Jambo na Mambo, umoja na wingi wa nomino moja, bila uhusiano wowote kati yao. Jambo ilitolewa, Mambo ilitolewa: zikiwa majina, zote mbili hupoteza tofauti ya umoja na wingi na kuingia katika ngeli moja.

Kwa Joomla kigezo hiki hakifanyi kazi. Neno jumla tayari limo katika ngeli ya I-ZI: jumla imeongezeka, jumla ilikuwa kubwa. Msemaji anaposema jumla imebadilishwa, sarufi haimwambii msikilizaji kama kilichobadilishwa ni hesabu au programu. Hapo ndipo tahajia inapobeba mzigo wote. Oo ile ya Kiingereza, inayomkera mwalimu wa imla, ndiyo alama pekee inayolitenga jina na neno, tena katika maandishi tu. Katika mazungumzo hakuna kitu.

6.0 Njia ya kinyume

Inafaa kulinganisha na maneno yaliyosafiri upande wa pili. Bajaji ni mfano ulio karibu. Jina hilo lilikuwa, na bado ni, la kampuni ya India ya Bajaj, mojawapo ya watengenezaji wa magari ya miguu mitatu. Nchini Tanzania limepata irabu ya mwisho, limeandikwa kwa herufi ndogo na limeingia katika ngeli. Watu husema bajaji mbili, bajaji ya kukodi, hata kama gari lenyewe limetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Wanasheria huliona hilo kuwa ni ugonjwa wa alama, kwa sababu jina linalotaja bidhaa ya kila mtengenezaji haliwezi tena kumtofautisha mmoja. Kwa wanaleksikografia ni kuzaliwa kwa neno, na hawana haja ya kuomba radhi wanapoliingiza katika kamusi.

Irabu ya mwisho katika bajaji na oo katika Joomla ni nyayo za safari mbili zinazopishana. Ya kwanza ni tahajia ya Kiswahili inayolifanya jina kuwa neno la wote. Ya pili ni tahajia ya kigeni inayolifanya neno la wote kuwa jina. Kuna njia ya tatu isiyogusa tahajia. Neno pesa limo katika M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na limo vilevile katika Tigo Pesa, HaloPesa na EzyPesa, ambazo zilitoka kwa makampuni yaliyoshindana. Hakuna aliyeweza kulimiliki neno pesa lenyewe. Kila mmoja alimiliki kile tu alichokibandika mbele yake.

7.0 Sheria ya Tanzania na mtunzi wa Manyamanyama

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili hufanywa na BRELA. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kila baada ya miaka kumi. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, hivyo jina lililosajiliwa Dar es Salaam halilindwi Unguja. Bidhaa na huduma hupangwa katika makundi 45 ya mfumo wa kimataifa uliotokana na makubaliano ya Nice ya mwaka 1957, na programu za kompyuta zimo katika kundi la tisa. Mwalimu wa isimu anaweza kuyaita makundi hayo ngeli za sheria: neno moja laweza kuwa la mtu huyu katika kundi hili na la mwingine katika kundi lile. Ndiyo maana Australia hiyohiyo iliyoizaa programu ya Mambo ilikuwa na kampuni ya mavazi yenye jina hilo tangu mwaka 1984.

Sasa na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mtunzi mmoja wa Manyamanyama anaandika programu ya kukisaidia chama cha msingi cha wakulima wa pamba kukusanya uzito wa marobota na kupata hesabu kamili ya kila mkulima. Anaitoa bure kwa leseni ya GPL, na kwa kuwa kazi yake ni kujumlisha, anaiita Jumla.

Akienda kusajili jina hilo nyumbani, atakabiliwa na kikwazo cha maana. Msajili anajua Kiswahili. Kwake neno jumla kwa programu inayojumlisha linaeleza tu kazi ya bidhaa, na neno la kueleza halistahili kufungiwa na mtu mmoja, kwa kuwa wengine nao watalihitaji. Akilipeleka jina hilo nje, atakabiliwa na kikwazo cha sauti. Alama hulinganishwa kwa namna zinavyosikika, si kwa namna zinavyoandikwa tu, na jumla iliyotamkwa vizuri inafanana mno na Joomla ndani ya kundi lilelile la tisa. Anakataliwa nyumbani kwa sababu neno ni la Kiswahili mno, na anaweza kukataliwa ugenini kwa sababu linafanana na neno la Kiswahili lililotangulia kufika huko.

Isikuzwe kupita kiasi. Alama za biashara hufuata mipaka ya nchi. Usajili wa Marekani peke yake haumzuii mtu wa Bunda kuita kazi yake jumla akiwa Bunda, wala hakuna usajili popote unaomzuia mtu kutumia neno kwa maana yake ya kamusi. Lakini programu hazikai nyumbani kama yakaavyo marobota ya pamba. Zikishawekwa kwenye intaneti zimekwisha kufika kila mahali, na jina linafika pamoja nazo. Kikomo cha nchi, ambacho ndicho kinga kubwa ya mtumiaji mdogo wa neno, ndicho kitu cha kwanza kutoweka.

Kuna suala jingine ambalo mgogoro wa mwaka 2005 ulilifichua, nalo ni la nani awe mwenye jina. Wajitoleaji si mtu mbele ya sheria. Wakiwa watano au mia tano, kama hawana chombo kilichosajiliwa, hawawezi kumiliki alama kwa pamoja kwa njia nyepesi, na jina litaangukia kwa yule mwenye anwani na muhuri. Huko Mambo alikuwa kampuni. Baadhi ya miradi hukabidhi majina yao kwa asasi mwavuli, kama Debian ilivyofanya kwa Software in the Public Interest, iliyoundwa mwaka 1997. Mtunzi wa Manyamanyama na wenzake wanaweza kuunda jumuiya au kampuni yenye ukomo wa dhamana isiyo na wanahisa, kisha jina likasajiliwa kwa chombo hicho. Wakati mwema wa kufanya hivyo ni kabla jina halijawa na thamani, wakati bado hakuna anayeliona kuwa na haja ya kugombewa. Kwa bahati mbaya, huo pia ndio wakati ambao hakuna anayekuwa na ada ya usajili.

Inabaki hoja ya ni jina gani achague. Akitaka neno la Kiswahili lililo mbali na kazi ya programu, ngeli zinaweza kumwongoza kuliko tahajia. Neno la ngeli ya YA, la U au la KI-VI likifanywa jina la programu litabadili upatanisho wake na kujitangaza lenyewe kuwa ni jina. Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya mwezi Januari 2008 kwa ajili ya kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, ni mfano wake: ushahidi umepotea ni kilio cha mahakamani, Ushahidi imesasishwa ni habari ya kompyuta. Neno la ngeli ya I-ZI, kama jumla, halimpi msaada huo.

Au aiite programu yake Manyamanyama. Majina ya mahali hutazamwa kwa tahadhari na wasajili, kwa vile kila mkazi ana haki ya kusema atokako. Hata hivyo bia za Kilimanjaro na Serengeti zimeuzwa kwa majina hayo miaka mingi, na kata moja ya mji wa Bunda haijulikani na mtu yeyote kuwa chimbuko la programu za kompyuta. Kwa sikio la Kiswahili jina hilo lina takriri na lina sura ya wingi wa ngeli ya YA, mambo yanayolifanya likumbukwe kwa urahisi. Sarufi nayo ingefanya kazi yake. Manyamanyama pamejaa, angesema mtu aliyekosa nafasi ya kupanga. Manyamanyama imejaa, angesema karani wa chama cha pamba ambaye kompyuta yake imekataa kuhifadhi robota la mwisho.